Miguu ya Wauguzi

Tunapowakumbuka waliowauguza wagonjwa wetu, huwa twasifu upole wa mikono yao. Miguu na migongo yao ni nadra kutajwa. Basi wasomaji wapokee habari za Bibi Florence Nightingale, ambaye aliifikiri miguu ya muuguzi kabla jina lake halijavuma.

Mwezi wa Agosti mwaka 1853 alikabidhiwa nyumba ya wagonjwa katika mtaa wa Harley, London. Zamani zile muuguzi alipandisha maji ya moto na vyakula ngazini, orofa kwa orofa. Na kengele ikilia, hakujua aitwaye na nani. Bibi Nightingale akataka maji ya moto yafike kila orofa kwa mabomba, chakula kipandishwe kwa chombo cha kuvutwa kwa kamba, na kengele zionyeshe ni ipi iliyolia. Bila hayo, alisema, muuguzi huwa ni miguu tu. Wala huo haukuwa uvivu, kama wengine wadhanivyo hata leo muuguzi akiomba kiti. Maana ashindaye ngazini hana nafasi ya kumtazama mgonjwa.

Tarehe 4 Novemba 1854 akafika Scutari, ng'ambo ya Constantinople, pamoja na wauguzi 38, kuwauguza askari wa vita vya Crimea. Wauguzi 24 walitoka katika nyumba za dini, Wakatoliki na Waanglikana. Waliosalia walitoka hospitalini. Taa yake ya usiku imesifiwa sana, lakini aliyeichukua alikuwa amekwisha fanya kazi mchana kutwa. Mei 1855, huko Balaclava, akashikwa na homa kali hata akakaribia kufa. Hata hivyo hakukubali kurudi kwao mpaka mwaka 1856, vita vilipokwisha. Tangu mwaka 1857 alilala kitandani mara nyingi, miaka mingi. Yeye aliyeihurumia miguu ya wenziwe hakuihurumia yake!

Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 aliwakemea wasimamizi wanaojivuna kwamba wasipokuwapo kazi haiendi. Fahari, kwa maoni yake, ni kuipanga hata mwingine aweze kuishika. Mwaka 1860 chuo cha wauguzi kikafunguliwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas, London. Mkuu wake akawa Bibi Wardroper, kwa kuwa Bibi Nightingale mwenyewe hakuwa na nguvu za kukiongoza.