OSPF: Jinsi maeneo yanavyopunguza matangazo ya njia

Itifaki ya OSPF, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, huziwezesha ruta za shirika moja kuarifiana njia za kupitishia data.

Ruta zote za eneo moja huwa na ramani ile ile ya eneo hilo. Kiungo kimoja kikikatika, zote hulazimika kukokotoa njia upya. Mtandao ukiwa mkubwa, ruta dhaifu huelemewa. Ndiyo sababu mtandao hugawanywa katika maeneo, yote yakiunganishwa na eneo namba 0, ambalo ndilo uti wa mgongo.

Eneo la stabu

Eneo hili halipokei matangazo ya njia zitokazo nje ya OSPF. Badala yake, ruta ya mpakani hutangaza njia moja ya jumla: data isiyojulikana njia yake ipelekwe kwake. Msimamizi aweza kuzuia hata muhtasari wa njia za maeneo mengine.

Eneo la NSSA

Tawi likiwa na kiungo chake cha nje, stabu haifai. NSSA, iliyobainishwa mwaka 1994, huruhusu njia hizo zitangazwe kwa tangazo la aina ya 7, ambalo ruta ya mpakani huligeuza kuwa aina ya 5 kabla ya kulisambaza kwingineko.

Gharama yake

Eneo lenye milango miwili ya kutokea huenda likachagua njia ndefu, kwani halioni yaliyo mbele. Aidha, ruta zote sharti zikubaliane kuhusu aina ya eneo. Moja ikitofautiana, majirani zake hukataa kushirikiana nayo.