Picha ya Kipande, Picha ya Mtaa

Mpaka leo Mkenya akipoteza kitambulisho husema kipande kimepotea. Neno hilo lina zaidi ya miaka mia moja. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 akalazimika kutembea na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na majina ya waliomwajiri. Karatasi ilitiwa ndani ya kijibweta cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita kengele ya mbuzi, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana.

Kipande cha kwanza hakikuwa na picha. Cha leo kinayo, na hakitaji kabila. Lakini kwa miaka mingi kilikuwa na majina matatu, kikiandika wilaya ulikozaliwa, tarafa, mpaka kata ndogo. Mkenya anayeijua nchi yake anahitaji nini tena? Mapema mwaka 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 27 kutangazwa, vijana waliofunga barabara Bonde la Ufa waliwaitisha abiria vipande. Walisoma jina, wakatazama uso, wakaamua. Rwanda mambo yalikuwa hayohayo, ila kule kabila liliandikwa waziwazi: Wabelgiji walilitia kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, uhuru ukaja, kadi zikabaki, na mwaka 1994 kadi hiyo ikawa hukumu ya kifo vizuizini.

Ninaanzia huko kwa sababu tumezoea kusikia kwamba kamera ni chombo cha amani, ati ukimpa kijana kamera ataona ubinadamu wa jirani yake. Katika historia yetu karatasi na picha ya uso vimetumika zaidi kumpanga mtu kwenye zizi lake. Kwa hiyo watu walipoanza kuwaita vijana wa makabila tofauti pamoja na kuwapa kamera, walikuwa wanajaribu kukigeuza chombo chenye rekodi mbaya. Swali ni lini kiligeuka, na lini hakikugeuka.

Tuanze na mwaka 1997, mwaka wa uchaguzi. Likoni, kwenye feri ya Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vyao, na nyuma ya kila kiti kulikuwa na pazia la kuchorwa: meli, ndege, majengo marefu. Wengi wao walikuwa watu wa bara, na wateja wao walikuwa kila aliyevuka. Agosti 13 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakachukua silaha, kisha wakawageukia wabara. Watu waliuawa, maelfu wakakimbia. Huo ndio ulikuwa upepo wa mwaka ule.

Mwezi uliofuata, huko Mathare, Nairobi, mpiga picha Lana Wong na kocha wa mpira Francis Kimanzi waliwapa watoto 31, wavulana kwa wasichana, wa kati ya miaka 12 na 17, kamera za plastiki za bei rahisi. Ndiyo, Kimanzi huyohuyo aliyekuja kuifundisha Harambee Stars. Mradi uliitwa Shootback. Watoto walitoka kwa chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, Mkanada. Timu ya MYSA hupata pointi za ligi kwa kushinda mechi na pia kwa kuzoa takataka za mtaa wake. Kwa hiyo hawa walikuwa watoto waliokwisha kushika koleo pamoja kabla ya kushika kamera, na mimi naliona hilo kuwa na uzito kuliko kamera zenyewe.

Shootback haikujiita mradi wa kupatanisha makabila. Hakukuwa na siku ya kuzungumzia ukabila. Kulikuwa na kazi: piga filamu, leta, ioshwe, picha zirudi, mkae chini mziangalie, uandike kuhusu yako. Wiki ijayo tena. Waliopata simu zenye kamera tangu utotoni huenda wasijue jinsi filamu ilivyokuwa inamfundisha mtu subira. Roli moja ina picha 36 ukibahatika. Ukipiga ovyo umeisha. Na huwezi kuiona picha yako mpaka irudi, wala hutaiona peke yako, maana zinamwagwa mezani zote kwa pamoja na kila mtu anapekua.

Halafu kuna ruhusa. Mathare watu wameshapigwa picha na wageni mpaka wamechoka. Ukiinua kamera mama mmoja atakuuliza, "Unatuuza kwa nani?" Mtoto wa mtaa hawezi kujibu kama mwandishi wa habari anayeondoka na gari jioni. Lazima asimame, asalimie, aseme yeye ni mtoto wa nani, picha ni ya nini, na kwamba ataileta. Kesho akipita bila kuileta atasikia maneno. Akitoka upande wake wa mtaa kwenda upande wa wengine, mazungumzo yanakuwa marefu zaidi. Hapo ndipo ninapoona kamera ilipofanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Ilimpa kijana sababu ya kufika mahali ambapo bila hiyo angeulizwa amefuata nini.

Na meza ile ya picha je? Hebu tulijaribu hapa wewe na mimi. Chukua picha ya ndani ya nyumba ya mabati, futi kumi kwa kumi. Kitanda upande mmoja, pazia katikati. Stovu ya mafuta taa, sufuria mbili zimefunikana, mtungi wa maji wa lita ishirini. Makochi yamevikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa kwa mkono. Ukutani kalenda ya duka ya mwaka uliopita, imeachwa kwa sababu picha yake ni nzuri, na kando yake kijana wa kwanza wa nyumba hiyo kumaliza shule. Sasa funika jina la aliyepiga. Hapa ni kwa Mluo? Mkamba? Mkikuyu? Mluhya? Utabahatisha, na ukikosea mwenye nyumba atacheka kwanza, kisha atauliza ni nini kilichokufanya useme hivyo. Jibu la swali hilo ndilo mazungumzo yenyewe. Ulisema Mluo kwa sababu ya samaki? Kwani nani hali omena Mathare?

Mwaka huohuo wa 1997 Caroline Wang na Mary Ann Burris walichapisha makala juu ya njia kama hii, baada ya kazi yao na wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China: watu wapige picha za maisha yao, wajadiliane kwa picha hizo, na wenye madaraka wazione. Makala hiyo imekuwa msingi wa warsha nyingi duniani. Lakini Mathare hawakusubiri nadharia.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2000, Mmarekani David Jiranek alipeleka kamera za kutumia mara moja na kutupa kwenye makao ya Imbabazi, karibu na Gisenyi nchini Rwanda. Rosamond Carr, aliyekuwa ameishi nchini humo tangu ukoloni, alikuwa ameanzisha makao hayo mwishoni mwa 1994 kwa watoto waliopoteza wazazi, Watutsi kwa Wahutu, chini ya paa moja. Ukiziangalia picha za watoto wale utashangaa jinsi zilivyo tulivu. Rafiki akicheka, majani, mtu kwenye barabara ya vumbi. Kuna watakaosema ni kukwepa yaliyotokea. Mimi sikubali. Mtoto aliyeona kadi na uso vikitumika kuchagua nani afe, halafu anamkaribia mwenzake mpaka uso ujae ndani ya kioo cha kamera, na mwenzake anakubali kusimama, huyo hajakwepa kitu.

Sasa turudi kwetu. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za 2007 na 2008. Boniface Mwangi alikuwa mpiga picha wa gazeti la The Standard na alizipiga ghasia hizo kwa karibu. Mwaka 2009 alianzisha Picha Mtaani: picha kubwa za ghasia zilisimamishwa barabarani, bure, zikazungushwa miji mbalimbali, huku vijana wakiongoza mijadala. Watu walilia. Wengine walikasirika, wakauliza kwa nini vidonda vinachokonolewa. Hii ilikuwa kazi ya aina nyingine kabisa na ile ya Mathare. Hapa kijana hakuwa amepiga picha. Aliwekwa mbele ya picha ya kile ambacho yeye au ndugu yake alikifanya, au alifanyiwa. Nadhani nchi ilikuwa na haja nayo, kwa sababu wanasiasa walikuwa wameshapeana mikono Februari 28, 2008, na walitaka sana tusahau. Ila picha ya panga barabarani inaweza kumnyamazisha mtu kama inavyoweza kumfungua mdomo, na inategemea nani amesimama kando yake.

Kilichofuata baada ya hapo tunakijua sote tulioishi mijini. Amani ikapata bajeti. Warsha za siku mbili hotelini, fulana zenye njiwa, kamera ya kuazima, picha ya pamoja vijana wameshikana mikono, cheti, posho ya nauli. Sikejeli posho, vijana wale hawana kazi na nauli ni nauli. Shida ni kalenda. Warsha hizi huja na uchaguzi, kama mvua ya masika, na kuondoka nao. Halafu kijana huombwa aje kama kabila: wawili kutoka huku, wawili kutoka kule, tupate uwiano. Ameingia kwa mlango uleule wa kipande. Kule MYSA alikuja kama winga wa kulia au msichana wa timu ya mtaa fulani, na kabila likajitokeza lenyewe, kwa wakati wake, katikati ya utani wa sufuria na omena.

Na leo kila mtu ana kamera mfukoni. Kila uchaguzi, picha ya maiti kutoka nchi nyingine na mwaka mwingine huzungushwa kwenye simu ikiitwa ya jana, ya hapa kwetu, wametuua. Aliyewahi kukaa kwenye ile meza, akaulizwa picha hii umeipigia wapi na nani amekuruhusu, ana angalau maswali mawili ya kuuliza kabla ya kuituma mbele.

Shootback pia ilianza mwezi wa Septemba, miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa Desemba 29, 1997. Lakini uchaguzi ulipita na watoto wakaendelea kupiga. Mwaka 1999 kitabu cha picha na maandishi yao kilichapishwa London. Ilipofika Januari 2008, aliyekuwa na miaka 12 alikuwa na kama 22, na wa 17 alikuwa na kama 27, umri uleule wa vijana wa vizuizini. Mmoja wao, Julius Mwelu, alikuwa ameshakuwa mpiga picha kwa kazi, na mwaka 2007 alikuwa ameanzisha Mwelu Foundation, humo humo Mathare, kuwafundisha vijana wa mtaa kupiga picha na kutengeneza filamu. Ghasia zilipolipuka, tayari mtaani kulikuwa na mahali pa kamera ambapo mtoto hakuulizwa kwanza kwao ni wapi.