Mshindi Aliyefungua Shule

Je, msomaji, mtu akiishinda nchi iliyomwonea, aitendeje? Vita vilipokwisha mwaka 1945, Ufaransa ilipewa sehemu ya kusini-magharibi ya Ujerumani kuitawala, na elimu ya huko ikakabidhiwa Raymond Schmittlein, aliyezaliwa Roubaix mwaka 1904. Alikuwa mtaalamu wa lugha ya Kijerumani, tena mfuasi wa Jenerali de Gaulle.

Alikuta shule zimebomoka, na vitabu vimejaa sumu ya Hitler. Vitabu hivyo viliondolewa, vikachapishwa vipya. Walimu nao wakachunguzwa. Mwezi wa Mei 1946, katika mji wa Mainz uliojaa magofu, chuo kikuu kikafunguliwa ndani ya kambi ya zamani ya askari.

Usidhani kwamba alishangiliwa na wote. Watu walikuwa na njaa, na makanisa yalimpinga alipotaka kugeuza mpango wa shule. Hata hivyo hakurudi nyuma, kwani udongo uwahi ungali maji. Alifariki mwaka 1974. Chuo kile chaendelea kufundisha. Nawe ujipime: ungalipewa uwezo juu ya adui yako, ungalimjengea nini?