Kabla ya bango la taa kusimama soko la Nyangwe

Bandugu na dada zangu, kuna kampuni moja (jina naliacha) inayotaka vijana wetu waijengee bango la taa soko la Nyangwe, kwa kampeni yake ya matangazo. Mtu mwenye simu, awe Kasongo, Bukavu ao Ulaya, atatuma maneno kwa intaneti, na taa zitayaandika usiku mbele ya watu wote. Chini yake kutakuwa jina la kampuni. Wengi tumefurahi, na mimi naitaka kazi hii sana. Lakini kabla ya kushika koleo na waya, munipe nafasi. Kitu hiki si kipya, na historia yake ina mambo ambayo mkataba hauyataji.

Tuanze New York, 2004. Mwanafunzi mmoja, Joshua Kinberg, alifunga nyuma ya baiskeli yake safu ya makopo ya rangi ya chaki, akayaunganisha na kompyuta na simu. Watu walituma maneno kwa intaneti, baiskeli ikayaandika barabarani huku inatembea. Yalikuwa maneno ya kumpinga Rais Bush, maana chama chake kilikuwa kinakuja kufanya mkutano mkubwa mjini. Mwezi wa 8, akiwa bado anahojiwa na televisheni, polisi wakamkamata na baiskeli wakaichukua. Kwa chaki tu, ile inayofutika kwa maji!

Sasa sikieni ya 2009. Katika mashindano ya baiskeli ya Tour de France, gari lilivuta mashine iliyoitwa Chalkbot. Iliitengenezwa na kampuni ya DeepLocal ya Pittsburgh, kwa ajili ya Nike na shirika la Livestrong la Lance Armstrong. Watu walituma maneno ya kutia moyo wagonjwa wa kansa, mashine ikayaandika kwa manjano barabarani, ikapiga picha, kisha mtumaji akarudishiwa picha pamoja na mahali penyewe palipoandikwa. Nani alikamatwa? Hakuna. Mwaka uliofuata kazi hiyo ilipata zawadi kubwa kule Cannes, kwenye mashindano ya watu wa matangazo. Mashine ni karibu ileile, barabara ni barabara, chaki ni chaki. Tofauti ni nani alilipa na nani alichuja maneno, maana huku kila ujumbe ulipitiwa kwanza kabla haujagusa lami. Na 2012 Armstrong akanyang'anywa ushindi wake wote saba kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu. Wale waliotuma majina ya mama zao na watoto wao walikuwa wameyaweka chini ya jina la mtu huyo.

Kwa upande wa ufundi, sina wasiwasi. Tangu Arduino ilipotoka Ivrea, Italia, mwaka 2005, kibao kidogo cha kuamuru taa na mota si tena mali ya injiniya peke yake. Ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wasiosomea umeme. Mtu akituambia vitu vya namna hii havikai nje kwetu Kongo, tumwonyeshe Kinshasa: 2013, injiniya Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha maroboti ya aluminiamu ya kuongoza magari, yanayokula umeme wa jua na yenye kamera. Mvua ya Kinshasa munaijua.

Shida iko kwenye waya usioonekana. Munakumbuka tarehe 31/12/2018, siku moja baada ya uchaguzi? Intaneti ilikatwa nchi nzima, na SMS pia, karibu siku 20. Bango letu lingefanya nini? Kibao cha namna hii, usipokipa amri nyingine, kinashikilia neno la mwisho kililopokea. Wazeni neno hilo liwe uongo juu ya kura, ao tusi juu ya kabila fulani, linawaka pale usiku baada ya usiku, na aliyelituma yuko mbali amelala.

Na pale ni Nyangwe, si mahali popote tu. Tarehe 15/7/1871 watu kama 1,500 walikuwa sokoni kando ya Lualaba, wengi wao wanawake. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe wakaingia na bunduki, wakaanza kupiga. Watu walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama. Livingstone alikuwepo, akaandika kwamba Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Barua zake zilifika London 1872 mikononi mwa Stanley, zikaongeza nguvu ya wale waliodai soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, lilifungwa 1873. Siwalinganishi watu wa matangazo na wale wa bunduki, hapana. Nasema tu kwamba mama anayeleta samaki pale anakuja kwa sababu anaamini soko ni salama, na hapo kwetu imani hiyo ilishavunjwa mara moja mbele ya watu wote.

Kwa hiyo nimependekeza mambo matatu tuyatie kwenye mkataba. Wachujaji wa maneno wawe watu wa hapa, wanaojua Kiswahili chetu na matusi yetu. Mtu wa ofisi ya mbali hatajua lini jina la mto ni jina tu na lini ni kichokozi. Mtandao ukikatika dakika kumi, programu ifute ujumbe na kuonyesha bei ya mchele na mawese, ambayo komite ya soko itaiingiza yenyewe kwa vibonyezo. Na swichi ya kuzima yote iwe kwenye nguzo, chini, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Kampuni imekubali mawili ya kwanza. Juu ya swichi wanasema tangazo lao linaweza kuzimwa na mtu yeyote. Nimewajibu kwamba ufunguo utakaa kwa mama mkuu wa komite ya soko, na kwamba bila sanduku hilo mimi sichomelei waya hata mmoja. Tunangoja jibu lao.