Kila faili ina kisa chake: historia ya kiunzi cha maktaba ya JavaScript

Leo tuweke kando habari za simu mpya, tuzungumze historia. Wale wenye haraka wanaweza kuruka hadi sehemu ya mwisho, lakini nawashauri msiruke.

Tuseme unataka kuandika maktaba ndogo ya JavaScript, yaani msimbo ambao watu wengine watautumia ndani ya programu zao. Labda ni ya kugeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili. Hujaandika hata mstari mmoja, na tayari unashauriwa uanze na kiunzi kilichotengenezwa na mtu mwingine. Unaandika amri moja, unasubiri bando likiliwa, kisha unapata folda yenye faili za mipangilio kumi na kitu, pamoja na folda ya node_modules iliyojaa mamia ya vifurushi. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza: hivi vyote ni vya nini? Wengi hawangoji jibu. Wananakili na kuendelea.

Jibu langu ni hili: kila faili katika kiunzi ni kovu. Kulikuwa na jeraha kabla yake. Ukilijua jeraha, utajua kama bado unahitaji bandeji.

Lugha isiyo na kuta

Brendan Eich alitengeneza JavaScript mwaka 1995 akiwa Netscape, kwa muda wa siku 10 za mwezi Mei. Ilikuwa lugha ya kufanya vijimambo ndani ya kurasa za wavuti, na haikuwa na moduli. Kila faili iliyoitwa na ukurasa ilimwaga majina yake katika uwanja mmoja. Maktaba mbili zikichagua jina lile lile, iliyofika mwisho ilishinda. Prototype ya Sam Stephenson iliyotoka mwaka 2005 na jQuery ya John Resig iliyotoka mwaka 2006 zote zilitaka alama ya dola, hadi jQuery ikalazimika kuwa na njia maalum ya kuiachia nyingine jina hilo.

Watu wa jQuery walijikinga vipi? Waliandika msimbo wao katika faili mbalimbali, kisha wakaweka faili mbili za ajabu, intro.js na outro.js. Ya kwanza ilifungua kitendakazi bila kukifunga. Ya pili ilikifunga bila kukifungua. Ukiisoma moja pekee yake utadhani mwandishi alilewa. Lakini ukibandika faili zote kwa mpangilio, ya kwanza mwanzoni na ya pili mwishoni, unapata faili moja yenye ukuta kuizunguka. Huko ndiko "kujenga" maktaba kulikoanzia: kubandika vipande pamoja.

Hatua iliyofuata ilikuwa kukaza, yaani kuondoa nafasi na maelezo na kufupisha majina ili faili iwe nyepesi. Hapa kwetu hilo halikuwa pambo. Hadi mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ya polepole na ghali. Kila kilobaiti ilihesabiwa.

Sasa cheka kidogo. Kifaa maarufu cha kukaza, YUI Compressor cha mwaka 2007, kiliandikwa kwa Java. jQuery nayo ilijengwa kwa msaada wa Rhino, injini ya JavaScript iliyoandikwa pia kwa Java. Ili kujenga maktaba ya JavaScript ulihitaji kwanza kuweka Java katika tarakilishi yako! Kinyozi alikuwa hajinyoi.

Majaribio ya rangi mbili

Kujaribu msimbo nako kuna historia yake. JSUnit ilianza mwaka 2001. Mwaka 2002 Douglas Crockford akatoa JSLint, programu ya kusoma msimbo wako na kukukaripia kabla haujaendeshwa. Mwaka 2008 kifaa ambacho jQuery ilikuwa ikijipimia nacho kikapewa jina lake, QUnit.

Jaribio lenyewe lilikuwa ukurasa wa wavuti. Uliufungua katika Internet Explorer, halafu Firefox, halafu Opera, halafu Safari, ukitazama kama mstari ni kijani au mwekundu. Kwa nini vivinjari vyote hivyo? Kwa sababu kila kimoja kilikuwa na tabia zake. Hata kusikiliza kitufe kimebonyezwa, Internet Explorer ya wakati huo ilitaka attachEvent huku wenzake wakitaka addEventListener. Jaribio lililofaulu kwa kivinjari kimoja halikuthibitisha lolote kuhusu kingine.

Mwaka uliogeuza meza

Mwaka 2009 Ryan Dahl aliitambulisha Node.js, na JavaScript ikaweza kufanya kazi nje ya kivinjari. Mwaka huo huo Kevin Dangoor alianzisha juhudi zilizokuja kuitwa CommonJS, za kukubaliana jinsi faili moja itakavyoita nyingine. Mwaka 2010 Isaac Schlueter akaleta npm, ghala la vifurushi. Kinyozi sasa akapata kioo chake.

Kuanzia hapo makovu yanaongezeka haraka. package.json ni barua ya kujitambulisha ghalani. Mocha ya mwaka 2011 iliwezesha majaribio kwenye terminali bila kufungua ukurasa. Browserify ya mwaka huo huo iliufunga msimbo wa Node ili uingie katika kivinjari. Mwaka 2012 Ben Alman alitoa Grunt ya kupanga kazi za kujenga, na jQuery ikahamia huko. Travis CI nayo ilizoesha watu wa programu huria kuendesha majaribio kwenye seva kila msimbo unapobadilishwa, ndiyo maana viunzi vingi vilibeba faili iliyoanza na nukta, .travis.yml.

Mwaka 2014 kijana wa Australia, Sebastian McKenzie, alianzisha mradi uliokuja kuitwa Babel. Ulitafsiri JavaScript mpya kuwa ya zamani ili vivinjari vya zamani vielewe. Juni 2015 lugha yenyewe ikapata moduli rasmi, miaka 20 baada ya kuzaliwa. Mwaka huo huo Rich Harris alileta Rollup, inayofunga moduli hizo na kutupa msimbo usiotumika. Ila ghala lilikuwa tayari limejaa vifurushi vya mtindo wa CommonJS, kwa hiyo maktaba moja ikaanza kujengwa kwa miundo miwili au mitatu. Mipangilio ikazidi msimbo.

Siku mistari 11 ilipotoweka

Tarehe 22 Machi 2016 ndipo wengi walipojua gharama yake. Azer Koçulu aligombana na kampuni ya Kik kuhusu jina la kifurushi. npm ilipowapa Kik jina hilo, yeye akaondoa vifurushi vyake vyote. Kimoja kiliitwa left-pad, chenye mistari 11 tu, cha kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Babel ilikitegemea kupitia vifurushi vingine. Duniani kote miradi ikakataa kujengwa, na wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina hilo. npm ilikirudisha siku ile ile, kisha ikabana sheria za kufuta vifurushi.

Mwaka 2018 mambo yakawa mabaya zaidi. Mwenye kifurushi cha event-stream, akiwa amechoka kukitunza bila malipo, alimkabidhi mtu asiyemjua aliyejitolea kusaidia. Mtu huyo akapenyeza msimbo wa kuiba pesa za Bitcoin katika programu moja ya pochi. Left-pad ilitufundisha kwamba kifurushi kinaweza kutoweka. Hiki kilitufundisha kwamba kinaweza kubaki na kukugeuka.

Hapo ndipo kunakili kiunzi bila kukisoma kunapoacha kuwa uvivu wa kawaida. Ukichapisha maktaba, yule wa Kisumu anayejenga mfumo wa hesabu za chama chao anakuamini wewe. Anawaamini pia wote unaowategemea, bila kuwajua.

Kwa hivyo leo uanze na nini?

Habari njema ni kwamba majeraha kadhaa yamepona. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022. Mwaka huo huo Node 18 ilikuja na kifaa chake cha majaribio. Unaandika node --test, hakuna cha kushusha. Vivinjari vya sasa vinaelewa moduli. Maktaba ndogo inaweza kuanza hivi:

1. Folda ya src ya msimbo na folda ya test ya majaribio.

2. package.json. Tofautisha dependencies na devDependencies: vya kwanza anashushiwa kila atakayetumia maktaba yako, vya pili ni vyako wewe mjenzi. Orodha ya kwanza ikiwa tupu, umewapunguzia wengi mzigo.

3. package-lock.json, iliyoanza na npm 5 mwaka 2017. Inashikilia matoleo kamili, nayo amri ya npm ci huyafuata bila kubadilisha. Lakini kumbuka, haisafiri na maktaba yako ghalani. Inakulinda wewe, haimlindi mtumiaji.

4. Leseni na maelezo. Bila leseni, mwenzako hana ruhusa ya kisheria ya kutumia kazi yako.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulisahau. Andika npm pack upate kifurushi chenyewe kama kitakavyofika kwa wengine, ukiweke katika folda nyingine tupu, ukiite kutoka huko. Majaribio ya ndani yanaweza kuwa kijani yote huku kifurushi kikikosa faili muhimu.

Vingine vyote, Babel, Rollup, TypeScript na jamii yao, ni vyombo vizuri. Viongeze siku utakapokutana na tatizo lake, ukijua ni tatizo gani. Mgeni akikuuliza faili fulani ni ya nini, uwe na jibu la sentensi moja. Ukikosa, ifute, endesha majaribio, uone kama kuna kitakacholia.

Kazi njema, na tuonane wiki ijayo panapo majaliwa.