Dzaleka hadi Lilongwe: Ni umbali gani, na safari huchukua muda gani?

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa katikati mwa Malawi, iko takriban kilomita 45 kwa barabara kaskazini mwa mji mkuu, Lilongwe. Kwa gari binafsi safari huchukua muda usiozidi saa moja. Hakuna safari ya ndege kati ya sehemu hizi mbili.

Kwa barabara

Msafiri anayetoka Lilongwe hufuata barabara kuu ya M1 kuelekea kaskazini, hupita Lumbadzi, kisha huiacha barabara hiyo na kushika njia ya Dowa. Wengi hupanda mabasi madogo, ambayo husubiri yajae kabla ya kuondoka na husimama mara kwa mara njiani. Kwa hiyo ni busara kutenga saa moja na nusu au zaidi. Vipande vifupi vya safari hukamilishwa kwa baiskeli za abiria, maarufu nchini humo kwa jina la kabaza.

Kwa ndege

Uwanja wa kimataifa wa Kamuzu uko takriban kilomita 26 kaskazini mwa Lilongwe, yaani upande uleule wa Dzaleka. Hapo ndipo wanapoondokea wakimbizi waliokubaliwa kuhamia nchi ya tatu. Kutoka uwanjani hapo hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,400 angani, safari ya takriban saa mbili. Bujumbura iko karibu zaidi, kama kilomita 1,270, lakini kwa kawaida abiria hulazimika kubadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa, na safari hurefuka mno.

Umbali usiopimwa kwa kilomita

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda. Jina lake katika Kichewa hufasiriwa kuwa "sitarudia tena". Iligeuzwa kambi mwaka 1994, ikikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha kuu za mawasiliano kambini.

Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, lakini iliweka pingamizi kwa baadhi ya vifungu, kikiwemo cha uhuru wa kwenda popote. Hivyo mkimbizi anatakiwa kuishi kambini, na kutoka kwake kunahitaji kibali. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waishio mijini na vijijini warejee Dzaleka kufikia tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei polisi walianza kuwakamata waliosalia Lilongwe, wakiwemo wafanyabiashara na watoto wao.

Kwa mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka zahanati ya kambi kwenda Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, saa hiyo moja ya barabara yaweza kuamua uhai wake.

Wapo pia wanaosafiri kinyume. Tangu mwaka 2014, Tamasha la Tumaini huwavuta wakazi wa Lilongwe kwenda Dzaleka kusikiliza muziki na kulala katika nyumba za wakimbizi. Barabara ni ileile, na kilomita ni zilezile. Tofauti ni kwamba mgeni hurudi mjini siku aipendayo.