Sekta mbovu za diski: zamani ziliandikwa kwenye lebo

Ukiwahi kushika diski ya kompyuta ya miaka ya 1980, hebu igeuze uangalie juu yake. Nyingi zina lebo ya karatasi yenye safu za namba: silinda fulani, kichwa fulani. Hiyo ni orodha ya sehemu mbovu, na kiwanda chenyewe ndicho kilichoibandika! Yaani unanunua diski mpya huku umeshaambiwa wapi ina kasoro.

Wala haikuwa aibu. Kupaka sahani utando wa sumaku usio na doa hata moja, kwa bei ambayo mtu atamudu, ni shida. Seagate ST-506 ya mwaka 1980 ilibeba MB 5 tu. Kukwepa madoa ilikuwa kazi yako: unapofomati diski unaingiza namba za lebo kwa mkono, moja moja. Kisha DOS inaweka alama kwenye jedwali la FAT (FFF7 kwa FAT16), maana yake hapa pabovu, pita.

Baadaye wahandisi waliihamishia kazi hiyo ndani ya diski. Ikawa na sekta za akiba; moja ikifa, anwani yake inapewa nyingine kimya kimya. Starehe kweli, ila na ubovu nao ukafichika. Leo unauchungulia kupitia SMART, kipengele namba 5, idadi ya sekta zilizohamishwa.

Sasa namba hiyo ikipanda, uogope? Mwaka 2007 watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha waliyoyaona kwenye diski zaidi ya 100,000. Diski ikishapata kosa la kwanza la skani, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya zile zisizo na kosa. Lakini zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya zile ishara nne kali. Kwa hiyo SMART ikinyamaza, usilale.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Diski yenye data za tasnifu ilianza kukwama, nami nikaikimbilia chkdsk /r, ambayo huisoma diski nzima. Ikasaga usiku kucha. Asubuhi haikuonekana kabisa. Ningeanza na ddrescue: inanakili kwanza sehemu zinazosomeka, inaandika ilipokwama, ndipo inarudi kung'ang'ana na sekta mbovu. Mahojiano 14 yalipona kwa kuwa nilishamtumia msimamizi kwa barua pepe. Sita nilirudi kijijini kuyafanya upya, na wawili kati ya watu wale walikuwa wameshahama.